Mwaka wa Ziwa Huanza Machi 1
Barua ya wazi kwa Halmashauri ya Mji wa Nchelenge

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, na Katibu wa Halmashauri,

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ni lugha inayosikika kwenye mialo yetu kila siku ya Mungu, na kwa sababu wengi wa watu ninaowaombea humu hawasomi Kiingereza, na Kibemba wamekijua kwa kukisikia tu. Ombi langu ni moja. Mpango wa maji, vyoo na taka wa mji huu ufuate kalenda ya Ziwa Mweru, na umhesabu kila mtu anayelala ufukweni, mwenye nyumba na asiye nayo.

Mwaka wa bajeti yenu huanza Januari. Mwaka wa ziwa huanza Machi 1. Tangu Desemba 1 hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane, na marufuku hiyo naiunga mkono kwa moyo wangu wote. Wazee wa Mweru wanaijua habari ya mpumbu, samaki aliyekuwa akiupanda mto Luapula kwa wingi wakati wa mvua kwenda kutaga. Katika miaka ya 1940 soko la migodi ya Katanga na Copperbelt lilimtaka, nyavu zikamngoja njiani na tumbo lake la mayai, na haukupita muda mrefu akaadimika. Hajarudi kuwa alivyokuwa. Anayelalamikia miezi mitatu ya kufunga ziwa na amkumbuke mpumbu.

Lakini tazameni miezi ile mitatu inavyotuachia mambo. Pesa inakauka majumbani wakati uleule mvua inapojaza mashimo ya vyoo. Mama asiye na biashara ya samaki hana kwacha ya kununulia klorini wala mkaa wa kuchemshia maji, kwa hiyo familia inakunywa maji ya ziwa kama yalivyo. Kisha Machi 1 inafika na ziwa linafunguliwa kwa siku moja. Mitumbwi inarudi yote pamoja. Wavuvi wanatoka Mwansabombwe, Kawambwa na Chiengi, wengine wanavuka kutoka ng'ambo ya Kongo. Wachuuzi wanashuka na malori kutoka Copperbelt. Kambi za wavuvi za visiwani Kilwa na Isokwe, na zile za mchangani huku bara, zinajaa watu ndani ya siku chache, na mvua bado haijaisha. Kama kuna mtu angekaa chini kuupangia kipindupindu msimu wake, asingechagua wiki nyingine.

Ugonjwa huo si mgeni nchini. Zambia iliupata kwa mara ya kwanza mwaka 1977, na umekuwa ukirudi tangu hapo. Wimbi lililoanza Oktoba 2023 liliambukiza watu zaidi ya 23,000 na kuua zaidi ya 700, hata uwanja wa michezo wa Heroes jijini Lusaka ukageuzwa kuwa mahali pa kulaza wagonjwa. Huo ndio mji mkuu, wenye hospitali kubwa za taifa na barabara zote, na bado ulilemewa. Sisi huku tuna Hospitali ya Misheni ya St Paul's, ambayo Mungu aibariki, na zahanati zilizotawanyika kando ya ziwa. Ng'ambo ya maji, maeneo ya maziwa ya Katanga ya zamani yanajulikana kwa kipindupindu kisichokatika. Hakuna ukuta katikati ya Mweru. Kuna mitumbwi tu, na kila mtumbwi una watu wenye kiu.

Na ziwa lenyewe halina kina. Ni kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 5,000, lakini kina chake cha wastani hakifiki mita 10, na pale tunapochota ni maji ya magotini. Palepale watu wanaoga, wanafua, wanaosha samaki na kuosha vyombo. Asiye na choo huenda nyuma ya matete, na mvua ya usiku inakimalizia kilichobaki. Sitaki kumlaumu mtu anayefanya hivyo. Aliyefika kambini jana, akajenga kibanda cha majani leo na kesho anaingia ziwani usiku, hana mahali pengine pa kwenda, na hakuna aliyemwonyesha.

Kuna jambo linaloniumiza, na nalisema kwa heshima zote. Watu wetu wamewahi kuwahesabu wageni vizuri kuliko sisi tunavyojihesabu wenyewe. Desemba 2000, mji wa Pweto wa Kongo ulipotekwa vitani, maelfu walivuka kuja Zambia, na kambi ya Kala wilayani Kawambwa ikawapokea wengi. Mwishoni mwa Agosti 2017 walivuka tena kwa kupitia Chiengi, wakikimbia vita vya mikoa ya Tanganyika na Haut-Katanga nchini Kongo. Wakapokewa katika kituo cha Kenani, na mapema mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa humuhumu wilayani mwetu. Penye wakimbizi kuna kipimo kinachojulikana duniani kote: angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, choo kimoja kwa watu 20. Kipimo hicho hakifikiwi kila mara, lakini kipo, na mtu anaweza kukitaja akidai haki yake. Mvuvi wa kambini hana kipimo. Hakimbii vita, kwa hiyo hayumo katika hesabu ya wakimbizi. Hana nyumba ya kudumu, kwa hiyo si rahisi awemo katika hesabu ya mtaa. Tumbo lake na la mkimbizi ni matumbo ya namna moja, na bakteria wa kipindupindu hamuulizi mtu karatasi.

Naomba Halmashauri ikichukue kipimo hicho na kukitumia kambini na mwaloni kuanzia msimu ujao. Choo kimoja kwa watu 20, kwa hesabu ya watu wa mwezi Machi. Hesabu ya Januari itawadanganya.

Najua swali litakalofuata ni la fedha. Mwaka 2021 Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo ulikuwa kwacha milioni 1.6 kwa kila jimbo. Mwaka 2022 ukapanda hadi milioni 25.7, mwaka 2023 milioni 28.3, mwaka 2024 milioni 30.6, na mwaka 2025 milioni 36.1. Ni badiliko ambalo mtu wa wilaya ya mbali kama yetu hakulitarajia maishani mwake. Mgawo huo umekuwa sawa kwa majimbo yote, yenye ziwa na yasiyo nalo, yenye watu wanaohama na yenye watu waliotulia. Sehemu kubwa ya fedha hizo hutengwa kwa miradi ya jamii, na miradi hiyo huanzia kwenye Kamati za Maendeleo ya Kata. Hapo ndipo kambi inapokosa sauti. Wajumbe wa kamati huchaguliwa na wakazi wa kanda zao, na mtu anayekaa kisiwani miezi mitatu, mwaloni miwili, kisha anarudi kwao kulima mihogo, hana kanda. Madarasa na wodi za wazazi vinaombwa kwa sababu wazazi wapo kikaoni. Hakuna anayenyanyuka kuomba choo cha mwaloni. Sipingi madarasa hata kidogo. Watoto wetu wanayahitaji. Nasema tu kwamba mradi usio na mwombaji ndio unaohitaji diwani zaidi.

Wenzetu wa Ziwa Viktoria walishapita njia hii. Tanzania na Kenya zina vikundi vya mwalo vinavyotambuliwa na serikali, na katika kamati zake hukaa wenye vyombo, mabaharia wasio na vyombo, wachuuzi, na wanawake kwa nafasi zao walizotengewa. Vikundi hivyo vina matatizo yake, rushwa ikiwemo, na sitaki kuvipamba. Ila baharia anayelala mchangani ana kiti. Hapa kwetu Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2011 tayari imefungua mlango wa kamati za wananchi za kusimamia uvuvi. Kamati hizo zikipewa pia jukumu la usafi wa mwalo, na mjumbe wake mmoja akaingia katika vikao vya kata, kambi itakuwa imepata mdomo bila kusubiri sheria mpya.

Sasa niseme kuhusu vyoo vyenyewe, maana fedha nyingi huweza kupotea hapa. Ufukwe wetu ni mchanga, na maji ya ardhini yako karibu. Shimo la kawaida lililochimbwa Agosti hubomoka Januari, au hujaa maji na kumwaga uchafu uani. Choo cha ufukweni kijengwe juu ya ardhi, kwa matofali, chenye tangi lililozibwa na ngazi ya kupandia, na kisipungue mita 30 kutoka kisimani. Kazi ifanyike kati ya Mei na Oktoba, wakati ardhi imekauka. Mkandarasi anayetaka kuchimba Desemba ili amalize fedha za mwaka arudishwe nyumbani. Na kabla tofali la kwanza halijawekwa, ijulikane ni nani atakayekitapisha choo hicho kikijaa. Kule Kanyama, Lusaka, kumekuwapo vijana wanaonyonya vyoo vya mtaa kwa ada inayojulikana, wakiwa na vifaa vya kujikinga, chini ya chombo cha maji cha wakazi wenyewe. Ni kazi yenye heshima ikilipwa. Vijana wa Nchelenge wanaokaa bila kazi miezi mitatu ya kufungwa ziwa wanaweza kufundishwa na kulipwa kwa kazi hiyo, na Mfuko wa Jimbo una fungu la kuwawezesha vijana na wanawake.

Kuna wanawake wa chisense pia. Samaki hao watu wa Kigoma na Mwanza wangewaita dagaa, na biashara ni ileile: samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa, wanaoanikwa mchana, wanaosafiri hadi Copperbelt na Lubumbashi. Wengi huanikwa juu ya mchanga mtupu. Mchanga huohuo ndio njia ya mbuzi, mbwa, watoto, na ya yule aliyetoka nyuma ya matete. Chanja za miti na wavu, zilizoinuka hadi kiunoni, hukausha haraka zaidi, huzuia uchafu, na samaki asiye na mchanga huuzwa kwa bei nzuri. Sioni mradi mwingine ambao kwa fedha ndogo namna hiyo ungelinda afya ya mji na kuongeza kipato cha mama kwa wakati mmoja. Ushuru wa samaki mnaokusanya unatoka mikononi mwa wanawake hawa. Sehemu yake irudi pale ilipotoka, kwa namna ya chanja, bomba la maji safi na pipa la taka linalozolewa siku zinazojulikana.

La lugha nalisema kwa kifupi. Wakati wa mlipuko, tangazo la afya lisiloeleweka ni karatasi tu. Naomba kila tangazo la maji, chanjo na klorini linalobandikwa mwaloni liwe kwa Kibemba na kwa Kiswahili, na kipaza sauti kinachopita kambini kiseme lugha zote mbili. Wengi wa watu wa ng'ambo wanaelewa Kibemba, hilo ni kweli. Mwambao wa magharibi una Washila na wasemaji wa Kibemba kama wetu. Lakini waliotoka Moba na Kalemie, na vijana wa Lubumbashi wanaokuja na biashara, akili zao za haraka ziko katika Kiswahili. Mantapala wapo wakimbizi waliokuwa walimu na wauguzi kwao, wanaoweza kuandika matangazo hayo wiki hii hii mkiwaita.

Machifu wetu, Nshimba kule Kilwa, Kanyembo na Kambwali huku bara, wahusishwe tangu mwanzo. Ardhi ya mwalo ina wenyewe kwa mila, na choo kilichojengwa bila baraka ya mwenye ardhi hufungwa kwa kufuli.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ninaomba kikao kimoja mwezi Machi. Kifanyike mwaloni Kashikishi, asubuhi mitumbwi inapoingia, na waalikwe madiwani wa kata zote za ufukweni, Idara ya Uvuvi, idara ya afya ya wilaya, kampuni ya maji, machifu, wanawake wa chisense, na mabaharia wasio na nyumba. Siku hiyo ihesabiwe idadi ya watu waliopo na idadi ya vyoo vilivyopo, hesabu isomwe kwa sauti kwa Kibemba na Kiswahili, na itajwe tarehe ambayo pengo litakuwa limezibwa. Tarehe hiyo isivuke mwisho wa Februari.

Wenu katika ujenzi wa mji,
Mkazi wa Kashikishi