Feza ya Laurion na vita za Wagiriki

Mwezi huu tunaenda mbali, ku Ugiriki ya zamani, karibu miaka 2500 iliyopita. Wazee kati yenu wanakumbuka wafanya biashara Wagiriki wa Lubumbashi na Kolwezi. Leo tunaongea juu ya mababu wao wa zamani sana, na tunaanzia mahali mnapojua ninyi kuliko walimu wengi wa historia: mu shimo la madini.

Wakati ule Ugiriki haikuwa inchi moja yenye mukubwa moja. Ilikuwa miji tu, mamia ya miji, kila muji na sheria yake, na askari wake, na kiburi chake. Athene, Sparta, Korinto, Thebes. Waliongea luga moja, waliabudu miungu ileile, na kila miaka 4 walikutana Olympia kwa michezo. Kisha wanarudi kwao na kupigana tena, juu ya shamba la mupakani, juu ya njia ya bahari, juu ya kijiji kimoja kinachotaka kuhama upande.

Athene ilikuwa na bahati moja. Kusini ya inchi yake, mahali panaitwa Laurion, mawe yalikuwa na risasi na feza ndani. Feza ya kweli, ile madini nyeupe, sio makaratasi tunayoita feza leo. Mu mwaka 483 mbele ya Kristo wachimbaji walifikia mukanda mutajiri sana, na sehemu ya Leta ikafika talanta 100. Talanta moja ni karibu kilo 26. Raia walitaka paka kugawanya: drachma 10 kwa kila mutu, kila mutu aende kwake. Nani angekataa? Mutu moja, Themistocles, akasimama mu mukutano na kusema: hapana, tusikule hii feza, tutengeneze mashua za vita. Hakuwaambia mambo ya mbali. Aliwaonyesha Aegina, kisiwa cha jirani waliyekuwa wanapigana naye. Wakakubali.

Miaka 3 kisha, mu 480, Xerxes mufalme wa Wapersi alikuja na jeshi kubwa na kuchoma Athene moto. Lakini mashua zilizotoka mu feza ya Laurion zilimushinda ku Salamis. Kila mashua ilibeba wapiga makasia 170, na wengi wao walikuwa maskini wa muji, watu wasio na shamba wala silaha ya chuma. Kisha ushindi ule, nani tena angeweza kuwaambia wanyamaze mu mukutano? Na Themistocles? Karibu miaka 10 kisha raia waliandika jina lake ku vipande vya vyungu, wakamufukuza mu muji. Alikufia ku inchi ya Wapersi walewale.

Sasa tushuke chini. Mashimo mengine ya Laurion yalipita metre 100 kwenda chini. Njia za ndani zilikuwa fupi, mara nyingi hata metre moja hazikufika. Mutu alitumika kwa magoti ao kwa tumbo, na nyundo, na patasi, na taa kidogo ya mafuta. Inje waliponda mawe, waliyasafisha na maji, kisha tanuru. Leta ilikodisha mashimo kwa raia, na kazi yenyewe ilikuwa ya watumwa. Nicias, tajiri na jenerali wa Athene, alikuwa na watumwa 1000. Alikodisha wote kwa kapita moja wa Thrace jina lake Sosias, kwa bei ya obol 1 kwa kila kichwa kwa siku. Obol 6 ni drachma 1, mushahara wa siku wa fundi. Kontra ilisema tena hivi: hesabu isipunguke. Akikufa moja, Sosias analeta mwingine.

Karibu wote wamepotea bila jina. Moja tunamujua: Atotas, mutu wa Paphlagonia karibu ya Bahari Nyeusi. Ku jiwe la kaburi lake, lililopatikana kule Laurion, anajisifu kwamba kwa ufundi wa kuchimba hakuna aliyemupita.

Na mu nyumba? Mukate wa shayiri, zeituni, tini, samaki kidogo. Nyama ni ya siku za sadaka. Bibi ya tajiri alibakia ndani na kufuma nguo. Mama maskini alikuwa ku soko, anauzisha mukate na mboga. Wanawake, wageni na watumwa hawakuwa na sauti mu mukutano. Ku Sparta njo kulikuwa kugumu zaidi: mutoto mwanaume akifika miaka 7, anatolewa kwa mama yake na kulelewa sawa askari.

Vita kubwa kati ya Athene na Sparta ilianza mu 431 na kuisha mu 404. Miaka 27! Pericles aliingiza watu wa vijiji ndani ya kuta. Mu 430 ugonjwa ukaingia kati ya watu waliosongana vile, na mwaka uliofuata yeye pia akafa. Mu 415 raia walitaka kwenda kupiga Syracuse, mbali ku Sicilia. Nicias, waliyekuwa wamemuchagua awe mumoja wa wakubwa wa safari ile, aliwakataza wazi mbele ya wote, lakini hawakumusikia. Mu 413 jeshi lote liliharibika. Nicias akauawa, na mateka karibu 7000 wakatupwa mu mashimo ya mawe ya Syracuse. Posho yao ya siku: nafaka nusu litre, na maji robo litre. Muchana jua, usiku baridi, na maiti zimelala kati ya wazima. Mimi siwezi kusoma habari ile bila kufikiri juu ya Sosias na hesabu yake.

Mwaka uleule Wasparta walijenga boma ku Decelea, karibu sana na Athene. Thucydides, aliyeandika vita ile, anasema watumwa kupita 20.000 walikimbia, na wengi walikuwa mafundi. Mu Laurion kazi ikaanguka. Mu 406 Athene iliyeyusha dhahabu ya sanamu zake, kisha ikatoa makuta ya shaba yaliyopakwa feza juu. Anayekumbuka makaratasi ya zaïre ya mwaka 1993 anaweza kuona uso wa mama muuza samaki.

Mu 404 Athene ilikubali kushindwa, na kuta zake zikabomolewa na wapiga filimbi wakichezesha. Lakini Sparta pia haikukaa. Mashamba yake yalikuwa yamekusanyika kwa watu wachache, na asiyeweza kuleta chakula chake ku meza ya askari hakuhesabiwa tena kuwa raia kamili. Ku Leuctra, mu 371, raia kamili waliofika vitani walikuwa 700 tu, na 400 walikufa siku moja. Miji iliendelea kugombana paka vile.

Huyu aliyewakamata wote alikuwa naye mutu wa migodi. Philip wa Makedonia alichukua, mu 356, muji moja karibu ya migodi ya dhahabu, akaupatia jina lake: Filipi, ule ambao Paulo aliandikia barua. Dhahabu ile ilimuletea, wanasema, kupita talanta 1000 kwa mwaka, na kwa feza alinunua askari na hata wakubwa wa miji mingine. Mu 338, ku Chaeronea, alishinda Athene na Thebes pamoja.

Laurion yenyewe iliendelea kuchoka. Karibu wakati wa Yesu, Strabo aliandika kwamba watu wa pale walikuwa wanarudisha takataka za zamani mu tanuru na kupata bado feza kidogo. Mu miaka ya 1860 Waitaliani na Wafaransa walifika na mashini na tanuru mupya, wakaanza kuyeyusha milima ya takataka ileile, na kutosha risasi.