Programu ya Mwanachuo Huishi Miezi Mingapi?

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zilinizidi. Leo nataka kuongea na vyuo vyetu vya hapa Eldoret, hasa idara za kompyuta, kuhusu huu utaratibu wa kutuma wanafunzi wakahudumie vikundi vya mitaani kama sehemu ya masomo yao.

Nianze kwa kujishtaki. Nikiwa mwanafunzi nilitumwa kwa chama cha akina mama wanaoweka akiba na kukopeshana. Nikawaandikia programu ya kutunza hesabu kwa PHP na MySQL, kwenye kompyuta kuukuu waliyopewa na msamaria mwema. Siku mhadhiri alipokuja kukagua ilifanya kazi vizuri sana, nikapata alama safi, nikaenda zangu. Miezi mitano baadaye nikakutana na mama katibu sokoni. "Kijana wangu, ile mashine yako ilitugombanisha," akaniambia. Ilikuwa imekataa kuwaka, na nakala ya hesabu haikuwepo popote kwa sababu sikuwahi kumwonyesha mtu jinsi ya kuitoa. Mama mmoja alidaiwa mkopo aliokuwa ameshalipa, na hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Karatasi ni mimi niliyewaambia waache! Walirudia daftari lao, na wangekosea kama wasingerudia.

Wapo watakaosema hayo ndiyo mambo ya wanafunzi, muhula ukiisha umeisha. Sikubali, maana jirani zetu wa udaktari walishaonyesha njia nyingine hapa hapa. Kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Moi kimekuwa kikipeleka wanafunzi kwenye vituo vya afya vya mashambani tangu siku zake za mwanzo, kwa mpango unaoitwa COBES. Mwanafunzi hupita, lakini kituo ni kile kile, na mwaka unaofuata kinapokea wengine.

Moja ya sehemu hizo ni Mosoriot, barabara ya kwenda Kapsabet. Hapo ndipo mwaka wa 2001 wataalamu wa Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walipoanza kutumia mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa. Jamani, uliandikwa kwa Microsoft Access! Mimi na wenzangu tungeucheka. Lakini kabla ya kuuweka walipima mgonjwa anakaa kituoni muda gani, wakapima tena baadaye. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2003 yalionyesha kuwa muda huo ulipungua kwa asilimia 22. (Yalionyesha pia kwamba wafanyakazi walipata muda zaidi wa shughuli zao binafsi. Nawaheshimu kwa kuliandika hilo.) Mimi sikupima kitu chochote, niliuliza tu, "Mmeipenda?" Wakasema ndiyo, kwa adabu.

Mfumo ule ulipoonekana hautatosha kwa mpango mkubwa wa UKIMWI wa AMPATH, kazi haikuachwa. Mwaka wa 2004 ulianza kubuniwa mwingine, OpenMRS, nao ukaanza kutumika Eldoret Februari 2006. Ni programu huria, na leo inatumika katika nchi nyingi.

Najua, wale walikuwa na wafadhili na wataalamu wa kuajiriwa. Kumlinganisha nao mwanafunzi mmoja wa atachi ni kumwonea. Lakini kurudi mahali pale pale kila mwaka hakuhitaji mfadhili. Idara ichague vikundi vichache, ikae navyo. Wanafunzi wa mwaka huu wasianze upya. Wapewe programu iliyoachwa na wa mwaka jana, waisome, waitukane kidogo, kisha wairekebishe. Nani kati yetu aliyeajiriwa kazi ya kuandika kitu kipya kabisa? Na sehemu ya alama itolewe na kikundi chenyewe, miezi sita baada ya mwanafunzi kuondoka. Wahadhiri watalalamika kwamba matokeo yatachelewa. Basi yachelewe.

Chama kile bado kinakutana Jumamosi. Nimeomba ruhusa ya kwenda, na mama katibu amekubali kwa sharti moja: nisije na kompyuta. Nitaomba kwanza anionyeshe daftari lake, ukurasa kwa ukurasa, jambo nililopaswa kufanya siku ile ya kwanza.