Chinsaga si kazi ya dada yako pekee

Kama umelelewa Kisii au Nyamira, chinsaga unaijua. Lakini je, unaweza kuipika? Wengi wetu, hasa wavulana, tuliambiwa jikoni si mahali petu. Tukaitikia, tukaletewa sahani. Leo umepanga chumba kimoja Nairobi na kila jioni ni chipsi, mfuko unalia.

Usiniambie huna shamba. Kweli, mashamba ya kwetu yamegawanywa hadi yakabaki vipande. Ila chinsaga haidai ekari. Gunia moja la udongo na samadi hapo mlangoni latosha. Panda mbegu, mwagilia, na baada ya wiki nne hadi sita utaanza kuchuma. Maua yakichomoza yakate, la sivyo mmea utakimbilia kuzaa mbegu na majani yatapungua.

Sasa sufuria. Chambua majani laini, yaoshe, yachemshe kwa maji kidogo na chumvi hadi yalainike. Kaanga kitunguu, tia mboga, kisha mimina maziwa na uache moto mdogo ufanye kazi hadi mchuzi uwe mzito. Usiwe na haraka hapa. Maziwa ndiyo yanayotuliza ule uchungu, na ikilala usiku mmoja, ukaipasha kesho yake, huwa tamu zaidi. Songa ugali, wa wimbi ukiupata.

Ukikwama, mpigie mama simu. Atacheka kwanza, hasa kama wewe ni mvulana, halafu atakuuliza umetia maziwa kiasi gani.