Mama, Usiufute Ujumbe wa Tapeli

Mwezi huu nilikusudia kuandika juu ya watoto wanaoharisha msimu wa maembe, na karatasi mbili nilikwisha kuzijaza. Nimeziweka kando kwa sababu ya mama mmoja wa kikundi chetu, ambaye ameniruhusu niieleze habari yake mradi nisimtaje jina.

Mama huyu ndiye mweka hazina wetu. Tulichanga fedha kwa ajili ya mwenzetu aliyelazwa akingoja kupasuliwa uvimbe tumboni. Zikapatikana shilingi 380,000, zote zikiwa kwenye simu ya mweka hazina. Jioni hiyo alikuwa jikoni anakaanga samaki, huku anamngoja dada wa mgonjwa amletee namba ya kupelekea fedha. Ujumbe ukaingia. Akajifuta mikono kwenye khanga, akausoma: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja tofauti. Akatuma. Haikupita robo saa, dada wa mgonjwa akapiga simu kuuliza atume namba ya mtandao gani.

Aliniambia kwamba miguu ilimwisha nguvu, akakaa sakafuni, na samaki wakaungua.

Sasa sikilizeni alichofanya. Aliufuta ule ujumbe ili mumewe asiuone. Akamwambia dada wa mgonjwa kwamba mtandao una matatizo. Kisha akaanza kutafuta fedha za kufidia: aliuza vitenge vyake, akakopa kwa jirani, akapunguza mboga nyumbani. Siku ya tano alikuja kliniki akilalamika kichwa kinamgonga. Nilipompima presha nikakuta 170 kwa 100. Nikamuuliza, "Mama, una jambo gani?" Akaangua kilio, nami nikafunga mlango.

Msomaji mwenzangu, usimcheke. Watu wanaotuma ujumbe ule hawamjui mama huyu wala mgonjwa wetu. Wanautupa kama mvuvi atupavyo jarife, kwa maelfu ya namba, na mara zote humo majini yupo mtu ambaye dakika ile ile anangoja namba ya kutuma fedha. Walimu, wachungaji na hata mahasibu wamenaswa. Na mimi nimeponea chupuchupu, ila hiyo nitawasimulia siku nyingine.

Tukaenda wote kwenye kampuni ya simu. Binti wa kaunta alikuwa na adabu, lakini akasema hawezi kututajia mwenye namba ile, tuanzie polisi. Polisi, askari aliyekuwa zamu akasema twende kwanza kwa kampuni ya simu. Siku ikaisha. Mwenzangu akasema, "Dada, hawa wanatuzungusha tu, wote lao moja." Kuzungushwa tulizungushwa kweli, na halikuwa jambo la haki. Lakini yule binti alikuwa sahihi kukataa kututajia jina, na sababu yake naijua kutokana na kazi yangu.

Wengi wenu mnaijua PF3, ile fomu ya polisi namba tatu. Mtu akipigwa au akigongwa na gari, polisi humpa fomu hiyo, akaja nayo hospitali. Daktari anaandika jeraha liko wapi na limesababishwa na nini. Polisi hajui kusoma jeraha, na daktari hana mamlaka ya kumkamata mtu. Fomu ile ndiyo inayowaunganisha, na ndiyo itakayofika mbele ya hakimu. Aliye mahututi tunamtibu kwanza, karatasi inafuata. Lakini mtu akija tu dirishani akaniambia, "Sista, nionyeshe faili la jirani yangu, nadhani ndiye aliyeniibia," nitamrudisha alikotoka.

Wizi wa simu uko hivyo hivyo. Polisi hawana mashine inayoonyesha fedha imekwenda wapi. Kampuni ya simu inayo: inajua laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani, fedha imeingia saa ngapi, imehamishiwa wapi, imetolewa kwa wakala gani. Ila kampuni haina pingu wala mahabusu. Wakifanya kazi mbali mbali, mwizi anapita katikati yao akipiga mluzi. Kwa hiyo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kumwamuru yeyote mwenye taarifa zinazohitajika katika upelelezi azitoe. Namba ya RB unayopewa kituoni ndiyo mwanzo wa safari hiyo. Kwa hiyo ukifika kituoni, omba ufunguliwe jalada, usikubali kurudishwa mikono mitupu.

Wezi hawa nao hawajui mipaka ya nchi. Kati ya Novemba 2024 na Februari 2025 shirika la polisi wa kimataifa, Interpol, liliendesha msako katika nchi saba za Afrika, na watu 306 wakakamatwa. Nchini Rwanda walikamatwa 45. Wengine walijifanya wafanyakazi wa kampuni za simu wanaotangaza zawadi. Wengine, na hili liliniuma kama muuguzi, walijifanya ndugu aliyeumia anayeomba fedha za matibabu. Kwa mwaka 2024 peke yake walikuwa wamewaibia watu zaidi ya dola 305,000 za Kimarekani, na zilizorudishwa ni dola 103,043. Theluthi moja si haba, ukifikiria kwamba fedha hizo hupita mikono mingi kwa dakika chache.

Kabla ya msako ule kampuni za watu binafsi zinazolinda kompyuta, kama Kaspersky, Group-IB na Trend Micro, ziliwapa polisi walichokusanya juu ya mbinu za wezi. Ndivyo ilivyokuwa pia Septemba na Oktoba 2024 katika msako mwingine ulioitwa Serengeti. Huo uligusa nchi 19, Tanzania na Kenya zikiwamo, na watu 1,006 walikamatwa. Jina zuri, maana simba haishi kwa swala mmoja, na wezi hawa hali kadhalika: waliotambuliwa kuibiwa walikuwa zaidi ya 35,000.

Mtauliza, je, si hatari polisi na makampuni kushikana mikono hivyo? Ni hatari, nami sitawaficha. Ile sheria ya 2015 inamwezesha mkuu wa kituo kutoa amri yake bila kupita kwanza kwa hakimu, na hapo ndipo nisipopapenda. Mwaka 2016 viongozi wa JamiiForums walishtakiwa baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watu walioandika katika mtandao wao. Mwizi wa fedha za mgonjwa ni kitu kimoja, na raia aliyeandika maoni yake ni kitu kingine kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekuja kulinda siri zetu, na tuidai itumike. Tena kuna jambo dogo la nyumbani: nimewahi kusikia mume akijisifu kwamba ana rafiki kampuni ya simu anayemtolea orodha ya simu za mkewe. Huyo rafiki ni mvunja sheria, hata kama mke ni wako wa ndoa. Siri ikitoka, itoke kwa karatasi, kwa sababu iliyoandikwa, na kwa mtu anayeweza kuulizwa baadaye.

Narudi kwa mweka hazina wetu. Siku ya pili tulimpata afande mmoja wa kitengo cha upelelezi, mama mtu mzima, akatusikiliza hadi mwisho na kufungua jalada. Barua ikaenda kampuni ya simu. Majibu yalipokuja tulijua kwamba fedha ile ilitolewa kwa wakala katika mkoa mwingine usiku ule ule. Laini ilikuwa imesajiliwa kwa jina la bibi mmoja kizee wa kijijini, ambaye alishangaa kuambiwa ana laini mbili. Kijana aliyemsajilia alimwambia, "Bibi, weka kidole tena, hakijasoma." Bibi akaweka. Anatafutwa huyo kijana.

Afande alituambia jambo lililomtoa mwenzangu machozi upya. Kama angepiga simu kwa kampuni papo hapo, kabla ya fedha kutolewa, huenda wangeizuia. Na kama asingeufuta ujumbe, maneno yale na saa yake vingekuwa ushahidi pamoja na kumbukumbu za kampuni. Siku tano za aibu ndizo zilizomsaidia mwizi.

Ndiyo maana naandika. Ujumbe wa namna hiyo ukiingia, hata kama hukutapeliwa, utume kwenda namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Utaulizwa namba iliyokutumia, nawe uiandike. Dakika moja tu. Namba zinazoletwa na sisi akina mama ndizo zinazofungiwa, na ndizo zinazowaonyesha wapelelezi wapi pa kutazama. Taarifa za TCRA za mwaka 2024 ziliweza hata kutaja mikoa inayoongoza, Rukwa na Morogoro zikiwa juu. Sisemi watu wa huko ni wezi, nina shemeji zangu Ifakara. Nasema kwamba mtu akitoa taarifa, mwizi anaanza kuwa na anwani. Kama fedha imekwisha kwenda, pigia kampuni yako kabla hujamaliza hata kulia, halafu nenda kituoni. Na mwambie mumeo. Mume wa mwenzetu alipoambiwa, alinyamaza kidogo, kisha akasema yeye aliibiwa 60,000 kwa ujumbe ule ule mwaka uliopita, akaona haya kusema.

Kikundi kilikaa Jumamosi. Wawili walisema maneno makali, na mmoja wao nilimkanya mbele ya watu, jambo ambalo pengine sikupaswa kulifanya. Mwishowe tulichanga upya, na mgonjwa akafanyiwa upasuaji. Fedha ya kwanza haijarudi. Tumekubaliana kwamba kuanzia sasa mweka hazina hatatuma chochote kabla ya kumpigia anayepokea na kuisikia sauti yake.

Baada ya habari ya yule bibi, juzi nilibonyeza *106# kwenye simu yangu niangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Zikaja namba tatu. Ya kwanza ni yangu. Ya pili ni ya mwanangu wa kidato cha pili, nilimsajilia mwenyewe. Ya tatu siijui. Kesho nikitoka zamu ya usiku nitapitia dukani kwao nikiwa na kitambulisho mkononi, na sitaondoka mpaka waifunge.