Mji Ulioachwa Nje ya Picha

Katika ukumbi mmoja wa chuo zimetundikwa picha mbili kubwa, moja ya mchana na nyingine ya usiku. Zote zimepigwa kutoka ng'ambo ya bandari, upande wa Kigamboni. Ile ya mchana inaonyesha maji ya buluu, kivuko, mnara wa Kanisa la Mtakatifu Yosefu, na juu ya vyote majumba pacha ya mfuko wa pensheni yakishindana kwa kimo na jengo la Mamlaka ya Bandari. Ile ya usiku inaonyesha majumba yale yale yakimetameta kama vito, na bahari ikirudisha nuru yao. Chini yake limeandikwa jina moja: Dar es Salaam. Kwa miaka mingi nimepita mbele ya picha hizo nikielekea darasani, nami nakiri kuwa zinapendeza. Leo nataka kusema kwa nini si za kweli.

Mimi hukaa Temeke. Saa kumi na moja alfajiri Barabara ya Kilwa imekwisha jaa watu waendao mjini: makarani, wafagizi, wapishi, walinzi na wachuuzi. Wengine kama hao hutoka Kinondoni, Manzese na Tandale kwa njia nyingine. Hao ndio wafunguao madirisha ya majumba yale marefu, wasuguao sakafu zake na waandikao barua zake. Aliyesimama Kigamboni na kamera yake hawaoni, maana umbali umewameza. Jioni hurejea makwao. Basi usiku, wakati mpiga picha anaposimamisha stendi yake ya miguu mitatu ufukoni, maofisi yale ni matupu. Mji umehama. Uko Tandika, Mbagala na Mwananyamala, kwenye meza za pweza na mihogo ya kukaanga, kwenye baraza za kahawa, na mlangoni ambapo mtoto hufanya hesabu zake kwa taa ya duka la jirani. Mchana watu wamo mjini na picha haiwaoni. Usiku picha hutazama mahali ambapo hawapo.

Tena ufundi wenyewe husaidia kosa hili. Ili kunasa nuru haba ya usiku, mpiga picha huliacha jicho la kamera wazi kwa sekunde nyingi. Kilichotulia huandikwa, kinachotembea hufutika. Jengo hubaki, gari huacha mstari wa taa, na mtu hupotea kabisa. Jambo hili ni la tangu mwanzo wa kazi hiyo. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre alipiga picha ya barabara moja ya Paris, Boulevard du Temple, mchana kweupe. Barabara ilikuwa na pirika za watu na magari ya farasi, lakini kwa kuwa picha ilihitaji dakika kadhaa, wote walifutika. Alibaki mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu, pamoja na umbo hafifu la yule aliyeving'arisha. Mtazamaji asiyeijua kazi ya kamera angeapa kwamba Paris siku ile ilikuwa gofu.

Walakini Dar es Salaam ilikatwa kwa sheria kabla ya kukatwa kwa kamera. Wajerumani, na Waingereza baada yao, waliugawa mji: Uzunguni palikuwa karibu na bahari, Uhindini palikuwa pa biashara, na Waafrika wakawekwa Kariakoo na nyuma yake. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi baina ya Uhindini na Kariakoo ili uwe mpaka. Katika miaka ya 1950, wenyeji walipozidi kumiminika, serikali ya kikoloni iliwapimia viwanja Magomeni na Temeke, mbali zaidi na majumba ya wakubwa. Uhuru wa 1961 uliifuta mipaka hiyo katika sheria. Picha inairudisha bila sheria yoyote. Jicho lake ni jicho la mgeni anayewasili kwa meli. Sisi tulio wengi huingia mjini kwa nchi kavu, kwa mlango wa uani.

Kwa mwalimu wa Kiswahili iko aibu nyingine zaidi. Mitaa iliyoachwa nje huitwa Uswahilini, na neno hilo aghalabu hutamkwa kwa kukunja pua. Hata hivyo lugha tunayoisomesha na kuiandikia tasnifu hupata damu mpya huko huko: katika utani wa daladala, katika majina ya khanga, katika singeli iliyozaliwa mitaani humo. Tunaitukuza lugha na kuionea haya nyumba yake.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kuwa wageni wameipiga Afrika picha za vibanda na njaa kwa muda mrefu, na kwamba maghorofa ni haki yetu ya kujibu. Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Nimewaona wenye kamera wakiinama juu ya mitaro ya Tandale na kuwapiga picha watoto wasioombwa idhini. Hilo nalo ni dhuluma. Lakini uongo haufutwi kwa uongo wa pili. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,346,674 katika Wilaya ya Temeke na 982,328 katika Wilaya ya Kinondoni. Hao wawili kwa pamoja wapita milioni mbili na laki tatu, katika mkoa wa watu 5,383,728. Picha iliyokosa nafasi ya watu kiasi hicho haina ruhusa ya kuchukua jina la mji mzima. Na wanaopanga barabara, mifereji na taa za mitaani nao huwa na picha akilini. Asiyeonekana katika picha hiyo hungoja sana.

Wala sisemi maghorofa yasipigwe picha. Nasema mpiga picha abadili mahali pa kusimama. Asimame Jangwani alfajiri, Barabara ya Morogoro, autazame mji upande wa mashariki, jua likichomoza nyuma ya majumba. Chini yake atapata bonde la Msimbazi, ambalo mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa wakazi wake wengi hata wakahamishiwa Mabwepande. Hapo kimo cha mji na gharama yake vitaonekana pamoja. Usiku aje Temeke, aketi barazani, aombe ruhusa, anywe kahawa kwanza. Nyumba njema si mlango.

Zile picha mbili za ukumbini sitaki ziondolewe. Kati yao pana nafasi ya ya tatu, nimeipima kwa mikono yangu. Mwanafunzi yeyote atakayeileta kutoka Mbagala au Tandale, msumari nitaununua mimi.