Siku kumi na mbili za Mauritius, na bomba lipitalo Singida

Usiku wa tarehe 25 Julai 2020 meli kubwa ya mizigo iitwayo Wakashio ilipanda juu ya mwamba wa matumbawe karibu na Pointe d'Esny, kusini mashariki mwa kisiwa cha Mauritius. Ilikuwa ikitoka Asia kuelekea Brazil. Haikuwa na shehena, lakini tumboni mwake mlikuwa na takriban tani 3,900 za mafuta ya kuendeshea mitambo yake. Ikakwama pale pale. Wavuvi wa mji wa Mahebourg wakawa wanaiona kila waamkapo asubuhi, imesimama kama nyumba iliyojengwa pasipo mahala pake. Tarehe 6 Agosti, yaani baada ya siku kumi na mbili, ubavu wake ukapasuka na mafuta meusi yakaanza kuingia katika maji yaliyowalisha wao na wazee wao.

Tunaandika kutoka Singida, mkoa usio na pwani, na tunajua msomaji wetu wa Kiomboi au Nduguti atauliza: sisi wakulima wa alizeti na vitunguu, bahari ya Mauritius yatuhusu nini? Swali ni la haki na tutalijibu. Ila tunaomba subira kidogo, kwa kuwa katika kisa chenyewe mna mambo yasiyofaa kupitwa mbio.

La kwanza ni jinsi watu walivyopokea msiba ule. Serikali ya nchi hiyo ilitangaza hali ya dharura ya mazingira tarehe 7 Agosti, na wananchi wakatakiwa wakae mbali, kazi waachiwe wenye dhamana. Wananchi hawakukaa mbali. Walikusanya majani makavu ya miwa, wakayashindilia ndani ya vitambaa vilivyoshonwa kama mifuko mirefu, wakafunga chupa tupu za plastiki ili mifuko hiyo ielee, wakaitandaza baharini kuzuia mafuta yasifike ufukweni na kwenye mikoko. Wengine walinyoa nywele zao wakazitoa sadaka, kwa sababu nywele hunasa mafuta na wala hazinywi maji. Wahindu, Waislamu na Wakristo walisimama ndani ya tope lile lile, mikono imekuwa myeusi hadi viwikoni, na hakuna aliyemwuliza mwenzake dini yake. Sisi tuliozoea kuona watu wakigawanyika hata katika kuchimba kisima, tuna la kujifunza hapo.

Kisha pomboo waliokufa wakaanza kuonekana ufukweni, makumi kwa makumi. Tarehe 29 Agosti maelfu ya watu, wengi wakiwa wamevaa nguo nyeusi, wakajaa katika barabara za mji mkuu, Port Louis. Hasira yao haikuwa juu ya mwamba wala juu ya mawimbi. Waliuliza jambo moja: siku zile kumi na mbili mlikuwa mkifanya nini? Serikali ilijitetea kwamba bahari ilichafuka na kazi ya kuyatoa mafuta isingewezekana kwa haraka. Huenda utetezi huo una ukweli ndani yake. Lakini baada ya mpasuko, takriban tani 3,000 zilinyonywa kutoka katika meli ile kabla haijakatika vipande viwili tarehe 15 Agosti, na iliyomwagika ilikadiriwa kuwa tani 1,000 hivi. Mtu aliyepoteza bahari yake huzitazama hesabu hizo mbili akauliza kwa nini kazi ile haikuanza mapema.

Na chanzo cha yote hayo? Uchunguzi wa Japani, nchi ya wenye meli, ulieleza kwamba chombo kilisogezwa karibu na nchi kavu ili mabaharia wapate mawimbi ya simu. Hatusemi hivyo kwa kejeli. Mabaharia nao wana wake na watoto, na janga la korona lilikuwa limewafunga melini kwa miezi mingi. Tunalitaja kwa sababu maangamizi makubwa aghalabu hayatoki kwa mtu aliyekusudia kuangamiza. Hutoka kwa mtu aliyetaka jambo dogo, tena la halali, akasahau kupima linakomfikisha.

Sasa tulijibu lile swali la msomaji wa Kiomboi.

Mkoa wetu umejulikana kwa mafuta siku nyingi, lakini ni ya alizeti. Mafuta ya aina nyingine yalikuwa ni ya kupita tu, juu ya malori yatokayo Dar es Salaam kwenda Mwanza na nchi jirani. Leo hali si hiyo. Bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima nchini Uganda hadi rasi ya Chongoleani mkoani Tanga, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Agosti 2017 na uamuzi wa mwisho wa kuwekeza fedha ukatangazwa Februari 2022, lina urefu wa kilomita 1,443. Kati ya hizo, kilomita 1,147 zimo ndani ya Tanzania, katika mikoa minane, na Singida ni mmojawapo: Iramba, Mkalama na wilaya ya Singida. Njia yake inavuka bonde la Wembere, ambako mifugo yetu hukimbilia wakati wa kiangazi. Aidha, Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, limekuwa likitafuta mafuta katika bonde hilo hilo la Eyasi na Wembere. Kwa hiyo bahari haiko mbali nasi tena. Kitakachopita chini ya mashamba ya Iramba ndicho kitakachopakiwa melini Chongoleani, mbele ya macho ya wavuvi wa Tanga na ndugu zao wa Pemba. Sisi na wao tumefungwa kamba moja.

Tuseme haki. Mafuta ya Hoima yana nta nyingi, na yasipopashwa moto hadi nyuzi joto 50 hivi huganda. Ndiyo maana bomba lile linapashwa joto njia nzima. Mafuta ya namna hiyo yakivuja hayatakimbia ardhini kama yanavyokimbia dizeli au petroli, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kuganda si kutoweka. Katika nchi kame kama yetu, ambako familia nzima hutegemea kisima kimoja cha pampu ya mkono au lambo moja la mvua, hata uchafu mdogo unaokaa mahali pamoja ni msiba wa kijiji kizima.

Mfano haupo mbali. Mwezi Mei 2015, wakazi wa Thange, katika kaunti ya Makueni nchini Kenya, waliyaona mafuta katika mto wao. Bomba la kutoka Mombasa kwenda Nairobi, lililojengwa miaka ya 1970, lilikuwa limevuja chini ya ardhi. Kumbukeni kwamba Makueni ni nchi kavu, nchi ya ukame, ya watu wanaolima mboga na michungwa kwa maji ya mto. Walioligundua tatizo ni wanakijiji kwa pua zao na macho yao. Waliambiwa wasiyatumie maji yale, na maji yale ndiyo waliyokuwa nayo. Kesi yao ilikwenda mahakamani, na hukumu ya kuwalipa mabilioni ya shilingi za Kenya ilipatikana mwaka 2025. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza wakati wa mvujo alikuwa kijana siku ya hukumu. Mauritius walilalamikia siku kumi na mbili. Thange walingoja miaka kumi.

Upo pia mwitikio wa namna nyingine, ambao hatupendi kuutaja lakini kuuficha ni kuwadanganya wasomaji wetu. Tarehe 12 Septemba 2011, mafuta yalipovuja kutoka katika bomba na kuingia mtaroni katika mtaa wa Sinai jijini Nairobi, watu walikwenda na ndoo. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka Msamvu, Morogoro, ikiwa imebaki siku mbili tu kufikia Idi ya Kuchinja, watu walikwenda na madumu. Mahali pote pawili moto uliwaka, na mahali pote pawili waliofariki walizidi mia moja. Allah awarehemu. Wapo waliowahukumu marehemu wale kwa tamaa. Sisi hatuoni kama inatosha. Aliyezoea kuona mali yenye thamani ikipita mlangoni kwake bila kumgusa, siku ikimwagika huiona kuwa ni riziki. Ikiwa hakuna aliyemwelimisha kabla, lawama ya baada yake ni nyepesi mno mdomoni mwa mwenye shibe. Malori yale yale yanapita Manyoni, Ikungi na Singida mjini kila siku. Ni khutba ngapi tumezitoa juu ya jambo hili tangu 2019? Kulinda nafsi ni katika makusudio makuu ya Sharia, nasi hufundisha hivyo kila tunapopata nafasi; lakini mfano wa dumu la petroli hauonekani sana katika darasa zetu.

Turudi kwenye bomba. Mjadala wake umekuwa mkali, ila umefanyika mbali na sisi. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuupinga mradi, na wabunge wa Uganda wakajibu kwa ghadhabu kwamba watu waliojitajirisha kwa mafuta hawana haki ya kuwakataza wengine. Kila upande una hoja. Ni kweli Ulaya imechoma mafuta kwa zaidi ya karne bila kumwuliza mtu wa Singida, na ni yeye leo anayeiona mvua ikipotea. Ni kweli pia kwamba ukweli hauwi uongo kwa kuwa aliyeusema ana dhambi. Lakini katika makelele hayo, mtu wa Mkalama alisikika zaidi katika jambo moja tu, nalo ni fidia ya shamba na mazao. Watu zaidi ya 9,000 nchini mwetu waliguswa na utwaaji wa ardhi kwa ajili ya mradi huu, na kudai malipo halali ni haki yao. Hata hivyo, fidia ni bei ya ardhi iliyochukuliwa. Haizungumzi lolote juu ya ardhi iliyobaki wala maji yaliyo chini yake.

Bukhari amepokea kutoka kwa An-Nu'man bin Bashir mfano alioupiga Mtume (s.a.w.) wa watu waliopiga kura ndani ya merikebu, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini wakitaka maji iliwabidi wapite kwa wa juu, wakaona heri watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe wasiwaudhi wenzao. Wakiachwa, wote wataghariki. Wakizuiwa, wote wataokoka. Wanavyuoni wameueleza sana katika kuamrisha mema na kukataza mabaya. Sisi tunaongeza jambo moja tu: wale wa chini hawakuwa waovu. Walitaka maji, na waliona haya kuwasumbua wa juu. Na wale wa juu hawakutakiwa wangoje maji yaingie ndipo wapige mayowe.

Hapo ndipo tunapoona udhaifu wetu sote, viongozi wa dini tukiwa mbele. Hasira ya umma huja baada ya mafuta kumwagika, na maji yakimwagika hayazoleki. Wananchi wa Mauritius walionesha ushujaa ambao tunauheshimu, lakini ulikuwa ushujaa wa siku ya kumi na tatu. Sisi, tofauti na wao, tumepewa muda. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mkazi wa Tanzania haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kuidai. Kuuliza maswali si uasi wala si kupinga maendeleo. Wala hatuwashauri wasomaji wetu waulaani mradi. Kodi na ajira zitakazopatikana kwa halali ni neema, na sisi wenyewe tunaandika haya chini ya taa na tunasafiri kwa basi linalonywa dizeli.

Tunachowaomba wazee wa misikiti na wenzao wa makanisa ni kwenda pamoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, wakiwa na maswali mkononi. Koki za kulifunga bomba ziko umbali gani kutoka hapa kwetu, na nani anazifunga, kwa muda gani? Mchungaji wa mbuzi akiona udongo umebadilika rangi, anampigia nani simu usiku wa manane, na simu hiyo inapokelewa kwa Kiswahili? Vizuizi na vifaa vya kusafishia vimewekwa Singida, au vitasafirishwa kutoka Tanga baada ya siku kumi na mbili? Na maji ya visima vilivyo jirani na njia ya bomba yamepimwa lini, majibu yako wapi?

Hilo la mwisho tungependa lifanyike kwanza, maana siku ya kesi mtu ataambiwa athibitishe kwamba kisima chake kilikuwa safi. Majibu ya vipimo yaandikwe kwa tarehe na jina la kisima, nakala moja ikae kwa mtendaji wa kijiji, na nyingine iwekwe msikitini, ndani ya sanduku lile lile tunamohifadhi hati za wakfu.