Vya Nyumbani: Vya Kutumia na Vya Kuacha



Tangu msiba wa Kisiwa Panza wa mwezi wa Machi 2024, twasikia kauli mbili mabarazani, na zote mbili twaziona zimepotoka. Ya kwanza yasema kwamba vya kienyeji wakati wao umekwisha: atakaye kula salama na ale cha kopo, na atakaye ngozi safi na anunue dukani. Ya pili ni ya wale wanaojibu kwa hasira kwamba kila kilichotoka baharini, shambani au mikononi mwa bibi hakina madhara, maana ni cha asili. Chama cha wakulima wa karafuu hakiwezi kunyamaza katika jambo hili. Zao letu lenyewe ni chakula, ni dawa, na ni pambo la mwili. Na likitumiwa ovyo, ni moto.

Kisiwa Panza, kwa wasiopata kufika, kiko kusini ya Pemba katika Wilaya ya Mkoani, na mtu huvuka kwa chombo kutokea Chokocho. Mapema mwezi ule wa Machi watu wa huko walikula nyama ya kasa. Watoto 8 wakafariki, na mtu mzima mmoja, naye ni mama wa mmoja wa watoto hao. Wengine 78 wakapelekwa hospitali. Uchunguzi wa maabara ukathibitisha kwamba wote walikuwa wamekula kasa. Wala haikuwa mara ya kwanza katika Pemba: Novemba 2021 walikufa watu 7 kwa nyama hiyo hiyo, na mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka 3.

Hatuandiki haya kuwalaumu wafiwa. Sote twaijua desturi ya visiwani. Kitoweo kikubwa hakiliwi na nyumba moja; hukatwa mafungu kikapelekwa kwa jirani, kwa shangazi, kwa mgonjwa, na kipande kilicho laini hupewa mtoto. Ukarimu ule ule ambao siku nyingine ndio unaotushibisha, siku ile ndio ulioeneza mauti. Hili ni jambo zito, na ndiyo sababu hatutaki limalizwe kwa maneno mepesi ya kwamba watu wa visiwani hawajui.

Wanajua sana. Mvuvi wa Pemba amjua bunju, na mtoto wa pwani hufundishwa mapema asimtie chunguni. Mabibi zetu wanajua kwamba muhogo mchungu una sumu, nao hawakuuacha kwa sababu hiyo. Waliumenya, wakauroweka siku kadhaa, wakauanika, kisha ndipo wakaupika. Mtu akikosea katika muhogo, tumbo na kichwa humwambia siku ile ile, naye huwaambia wenzake. Hivyo ndivyo jiko lilivyojifunza: kwa kosa linalojitangaza.

Kasa hajitangazi. Aina ile ile iliyoliwa mara tisa bila ya kumdhuru mtu, mara ya kumi huua. Hana rangi ya kumtambulisha, wala harufu, wala mwendo wa ajabu, maana sumu hiyo haimsumbui yeye mwenyewe. Yadhaniwa kwamba huipata katika vile anavyokula baharini. Wataalamu huiita kelonitoksini. Kuichemsha hakuiondoi, kuikaanga hakuiondoi, na dawa ya kuivunja haijapatikana. Hospitali humsaidia mgonjwa apumue na asikaukiwe maji mpaka mwili wake uitoe wenyewe. Huwadhuru watoto na wazee zaidi, na mama aliyekula huweza kumpitishia mwanawe katika maziwa. Basi mtu asemaye, "Babu yangu alikula kasa miaka sitini", asema kweli, lakini ukweli wake haumlindi yeyote. Katika jambo hili uzoefu si shahidi.

Hapo ndipo twaona tafauti ya haki ilipo. Haiko baina ya cha nyumbani na cha dukani. Iko baina ya kile ambacho jiko laweza kukipima na kile ambacho madhara yake hujificha nyuma ya utamu.

Na vinavyopimika ni vingi, tena ni vyema. Mtu aliyeshinda juu ya mkarafuu tangu asubuhi, mgongo umekaza na koo limekauka, hataki biskuti za pakiti. Ataka muhogo wa nazi. Ataka uive kwanza katika tui la pili, kwa moto wa kiasi, mpaka uanze kupasuka. Kisha ndipo litiwe tui zito la kwanza, na mpishi akoroge asiache, lisije likakatika. Kisha chumvi, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, na kipande cha papa mkavu pembeni. Chakula hicho hakimo katika matangazo ya mtu yeyote, lakini chamrudishia mtu roho yake. Mzazi hupewa uji wa pilipili manga na supu ya pweza. Mgonjwa aliyekataa kila kitu hupokea uji mwepesi wa mchele. Na Idi isiyokuwa na boko boko ni Idi, lakini watu watauliza. Vyote hivi vimepita katika mikono mingi kwa miaka mingi, na hakuna kilichojificha ndani yake. Twastaajabu kuona nyumba yenye minazi uani ikimpa mtoto soda na mkate wa dukani asubuhi, ati ndiyo maendeleo.

Na tuseme moja juu ya karafuu katika chungu. Sisi wenye mashamba ndio tunaoitia kwa uchache, tano sita katika sufuria ya pilau, kwa kuwa twaujua ukali wake. Mgeni ndiye atiaye konzi nzima.

Ukali huo huo ndio unaotuleta katika mambo ya ngozi. Singo ya kwetu haihitaji kusifiwa na sisi. Wageni wanaokuja Unguja na Pemba sasa huinunua katika vipakiti vidogo kwa bei ambayo bibi aliyeitwanga haioni. Ni maua ya mlangilangi, asumini na waridi, majani ya mpompia, mpachori na mrehani, vikaushwe kivulini, vitwangwe pamoja na liwa na karafuu kidogo, kisha virowekwe kwa marashi mpaka vishikane. Kila nyumba ina mkono wake. Bibi harusi husuguliwa kwa hiyo siku kadhaa kabla ya harusi, na ngozi hutoka laini kwa sababu iliyo wazi: chembe za maua na liwa huondoa taka na ngozi iliyokufa, na mafuta ya nazi yanayopakwa baadaye huzuia unyevu usitoke. Hakuna muujiza hapo, wala hakuna haja ya muujiza. Liwa ikisagwa juu ya msio kwa matone ya maji na kupakwa usoni, na mafuta ya nazi yaliyopikwa nyumbani kwa tui, ni vipodozi kamili kwa mtu mwenye ngozi nzima.

Lakini neno "karafuu kidogo" tumeliandika kwa makusudi. Karafuu nzima iliyotwangwa katika singo ni kitu kimoja, na mafuta ya karafuu ni kitu kingine. Makonyo na majani tunayoyaona mepesi yakiingia katika mtambo wa kukamulia hutoa mafuta ambayo sehemu yake kubwa ni yujenoli, nayo ndiyo inayotuliza jino. Hata madaktari wa meno huitumia wakichanganya dawa ya kuzibia kwa muda. Ikipakwa tupu juu ya ngozi huwasha, huchoma, na mara nyingine huacha malengelenge. Wataalamu wa mafuta ya namna hii hushauri yasizidi nusu ya sehemu moja katika mia. Kwa hesabu ya jikoni, chupa ya nusu lita ya mafuta ya nazi haitaki zaidi ya nusu ya kijiko cha chai cha mafuta ya karafuu. Mwenye haraka ataona ni kidogo mno. Na aanze kwa kupaka tone la mchanganyiko wake ndani ya mkono, angoje hadi kesho, ndipo apake mgongoni mwa mtu. Mtoto mchanga asipakwe kabisa. Tena chupa iwekwe juu, pasipofikiwa na mtoto: yameandikwa na madaktari mambo ya watoto wadogo waliomeza mililita 5 hadi 10 tu za mafuta haya wakaingia katika degedege, kuzimia na kuharibika ini. Ikiwa sisi tunaoyauza hatuyasemi haya, nani atayasema?

Hata hivyo, mafuta ya karafuu yana uungwana wake. Yakizidi, huchoma pale pale, na mtu akaacha. Adui mkubwa wa ngozi za mabinti zetu leo ni mwenye tabia ya kasa, naye ni mkorogo.

Mkorogo nao ni kitu cha nyumbani. Huchanganywa chumbani, hupimwa kwa macho, hupewa jina la utani, na muuzaji huapa kwamba ni wa asili kwa kuwa ametia ndani yake manjano au asali. Lakini kiini chake ni krimu na sabuni za kung'arisha ngozi, ambazo nyingi zimekutwa na zebaki au haidrokwinoni. Nao kwanza husifika. Wiki za mwanzo uso hung'aa, jirani huuliza siri, na chupa ya pili hununuliwa. Zebaki haina harufu. Huingia taratibu kupitia ngozini, ikaharibu figo na mishipa ya fahamu, na kwa mwenye mimba humfikia mtoto tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa bila ya daktari huacha madoa meusi ya kibuluu yasiyoondoka, yaani kinyume cha kile kilichotakwa. Hapo bibi na jiko lake hawawezi kuwa hakimu, kama walivyokuwa hawawezi kwa kasa. Mkataba wa Minamata wa 2013 juu ya zebaki uliweka kikomo cha sehemu moja katika milioni kwa vipodozi hivi, na mwaka 2023 mataifa yakakubaliana kwamba ifikapo 2025 vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki visitengenezwe wala kuuzwa baina ya nchi. Hapa kwetu Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar hukagua vipodozi kama unavyokagua vyakula. Pamoja na hayo, mashua ni nyingi na mabegi ni mengi. Mnunuzi na asome kibandiko: zebaki mara nyingine huandikwa "calomel" au "mercurio". Na chupa isiyokuwa na kibandiko isinunuliwe, hata ikiwa muuzaji ni ndugu yako.

Tunajua watasema baadhi ya wanachama: haya ni mambo ya wanawake, gazeti la chama na litupe bei na khabari za mvua. Twawajibu kwamba nyumba ya mkulima haina ukuta baina ya shamba na jiko. Karafuu tunayoianika majamvini ndiyo hiyo inayotwangwa kwenye singo. Na binti anayechambua karafuu na makonyo usiku kucha ndiye huyo anayeuziwa mkorogo kwa ujira wake mwenyewe. Tena wenye ujuzi wa vipimo ni wanawake wazee, na kila mwaka wanapungua. Ujuzi wao ukipotea, haubaki mtupu mahali pake, huingia muuzaji.

Kwa hiyo twapendekeza kwa Kamati kwamba katika msimu ujao, kambi za uchumaji zipewe jioni moja ya kuwasikiliza mabibi hawa, wapike, watwange, waseme kipimo kwa kijiko na si kwa "kiasi chake", na kijana mmoja aandike. Mkunga au muuguzi wa kituo cha karibu aalikwe akae nao, asikilize na aulize, maana naye ana la kujifunza na la kuonya. Na wenzetu wa Kisiwa Panza wapewe nafasi ya kwanza kusema juu ya kasa kwa maneno yao, kama watapenda. Wakipenda kunyamaza, wasilazimishwe.

Kwa wavuvi walio miongoni mwetu: kasa akinaswa wavuni na aachiwe, hata akiwa mkubwa na nyumbani hakuna kitoweo. Analindwa na sheria, lakini tungemwachia hata isingekuwapo sheria. Na ikiwa nyama yake imekwisha kuliwa, watu wasingoje kuona nani ataugua. Waende hospitali wote, waliokula kingi na waliokula kidogo, na mama anyonyeshaye aseme mara moja kwamba amekula na ananyonyesha. Waliopelekewa fungu nao wapelekewe khabari, nyumba kwa nyumba, kwa njia ile ile iliyopita sahani.

Wanachama wenye vipimo vya singo, vya mafuta ya nazi au vya uji wa mzazi wanaombwa kumpa katibu wa tawi lao, vikiwa vimeandikwa au kwa mdomo. Jina la bibi mwenyewe liambatane nacho kila kipimo, kama hana pingamizi.